Bustani ya Mama: Lorie-roze, ua lisiloomba maji

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, swali ni lile lile: tupande ua gani mbele ya nyumba lisilotaka kumwagiliwa kila jioni? Aliyepandisha bidoni kichwani kutoka mtoni anawaza kupika na kuogesha watoto kwanza.

Wengi hutaja lorie-roze, na kwa ukame hawakukosea. Asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania mpaka Asia, ambako huota kwenye mikondo ya mito inayokauka kwa miezi. Tazameni jani lake: jembamba, gumu kama ngozi, mara nyingi matatu matatu kwenye kifundo kimoja. Matundu ya kupumulia yamejificha chini ya jani, ndani ya vishimo vyenye vinywele, ndiyo maana maji hayatoki ovyo. Hukaa kijani mwaka mzima.

Kuupanda si kazi. Kata tawi la sentimita 15 au 20, ondoa majani ya chini, lisimamishe ndani ya chupa ya maji au mchanga mbichi, kivulini. Mizizi ikitoka, ngoja mvua irudi, kisha hamishia penye jua. Kivulini utapata majani matupu. Maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya, basi pogoa yakiisha kuchanua.

Sasa nisemalo kwa nguvu: mti huu wote ni sumu. Jani, ua, tawi, mzizi, hata jani lililokauka. Sumu yake hushika moyo. Mbuzi wetu, wanaokula hata karatasi, mara nyingi huupita. Mtoto anayecheza kupika sombe kwa majani hajui hayo. Usichonge vijiti vya mishikaki kwenye matawi yake, usiyatie jikoni kama kuni, kwa kuwa moshi nao ni mbaya, wala usichemshe majani yake kuwa dawa. Ukipogoa, nawa mikono na zika matawi.

Ndugu yake mwenye maua ya njano kama tarumbeta na tunda la kijani ni hatari vile vile, hasa mbegu. Huko Sri Lanka mbegu hizo zimeua watu wengi.

Mtoto akiutafuna, atatapika, tumbo litamuuma, atalegea, moyo utapiga polepole au ovyo. Usipoteze saa kwa maziwa wala mafuta ya mawese, na usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na tawi mkononi ili munganga alione.

Mimi ningeuacha mbele ya ofisi au kando ya barabara. Penye watoto watambaao ningepanda hibiskasi. Hiyo inataka maji kidogo zaidi, na mbuzi wanaipenda sana, kwa hiyo izungushie miiba mpaka ifike kiunoni.