Nani kasema sungura wote ni sawa?

Hapa Nyalikungu mtu akikukuta una sungura ndani ya nyumba, swali lake la kwanza ni lini utamchinja. Ukimjibu kwamba huyu hachinjwi, ana jina na ana vituko vyake, atacheka mpaka ashike mbavu. "Sungura ana vituko gani? Anakula, ananya, anazaa. Ukimjua mmoja umewajua wote." Kauli hii nimeisikia kwa wafugaji, kwa mabwana mifugo wastaafu, hata kwa walimu wa sayansi. Ni uongo, tena uongo wa uvivu.

Kinachonishangaza ni kuusikia kwetu Usukumani. Mfuate mzee yeyote wa Maswa zizini jioni, mwulize habari za ng'ombe wake. Atakuonyesha anayetangulia kundi kwenda lamboni, mkorofi anayepenya ua wa minyaa kufuata mtama wa jirani, na yule asiyeachia maziwa mpaka ndama wake asimame mbele yake. Anawajua kwa rangi, kwa mapembe na kwa tabia, na hakuna anayemwambia amerukwa na akili. Hata pamba, isiyo na roho, tunaichambua, safi huku na fifi kule, kabla haijafika kwenye mizani. Ila sungura, mwenye damu na moyo unaodunda, tunamtia kapu moja na wenzake wote.

Sababu si ngumu kuiona. Ng'ombe tunashinda naye malishoni, sungura tumemfungia. Kizimba chenyewe mara nyingi ni cha mbao na waya, kifupi kiasi kwamba mnyama hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma. Anatupiwa majani ya viazi asubuhi na jioni, na mkono unaoingia humo huingia kumkamata, tena wengine humnyanyua kwa masikio. Humo ndani atafanya nini zaidi ya kujikunyata pembeni? Halafu mwenye kizimba anasimama kifua mbele na kutangaza kwamba sungura wote ni waoga.

Mfungulie mlango uone. Nyumbani kwangu wapo majike wawili, wa uzao mmoja, na kwa kuwa tuko Usukumani nikawaita Kulwa na Doto. Mama mmoja, chakula kimoja, chumba kimoja. Tone la kwanza la mvua likigonga bati, Kulwa anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, pu!, ile ishara ya hatari ya sungura, kisha anaganda chini ya kitanda mpaka mvua ikatike. Doto wakati huo kajinyoosha kwenye saruji ya baridi, kaitupa miguu nyuma, hana habari. Mgeni akiingia, Doto ndiye wa kwanza kwenye mkoba wake. Anausugua kwa kidevu, maana chini ya kidevu cha sungura kuna tezi ya harufu, na akishausugua ameandika kwamba ni mali yake. Ndala, kreti ya soda, mguu wa kochi, vyote vimeshaandikwa. Waya za chaji alizokata sitaki kuzihesabu. Lakini thubutu kumbeba: anaguna, na shemeji yangu anayo alama ya meno. Kulwa hana fujo hizo. Ukae chini kwenye mkeka, uangalie pembeni, ndipo anakuja mwenyewe na kuinamisha kichwa apapaswe kipaji, huku akisaga meno taratibu kwa raha.

Wapo watakaosema namvisha mnyama nguo za binadamu. Mimi sikusema Doto anasali wala Kulwa anaota ndoto za harusi. Nimesema wawili hawa, wakikutwa na jambo lile lile, hufanya mambo tofauti, na huyarudia leo, kesho na mwezi ujao. Hiyo ndiyo tabia, awe nayo mtu, ng'ombe au sungura. Tena tofauti zinaanza mapema. Mtoto wa sungura huzaliwa uchi na kipofu, mama humnyonyesha kwa dakika chache tu, kwa kawaida mara moja kwa siku. Watafiti wa Mexico waliochunguza viota vya sungura waliona kwamba wanaopata nafasi katikati ya rundo hubaki na joto zaidi na hukua vizuri kuliko wa pembeni. Kabla hata macho hayajafunguka, ndugu wa tumbo moja hawako sawa.

Hadithi za bibi nazo zina mchango wake. Zimetulea na Sungura mmoja tu, mjanja asiyeshindwa na Fisi wala Simba. Yule wa hadithi ni wa mbugani, hulala juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa kizimbani ni mnyama mwingine kabisa, asili yake Hispania na Ureno, mchimba mashimo anayeishi kwa kundi lenye wakubwa na wadogo. Tunamdai ujanja wa hadithini, tukiukosa tunamwita mjinga.

Wala sitetei sungura asiliwe. Mzee wangu humchinja ng'ombe anayemjua kwa jina, na nyama inalika. Ninachopinga ni upofu, kwa sababu una gharama. Sungura huficha ugonjwa, na akikaa nusu siku bila kula, tumbo lake limeshaanza kusimama. Doto akikosa kuja mbio nikitikisa mfuko wa pumba, najua hapo hapo kuna tatizo. Kulwa asipokuja si neno, huwa haji. Anayeamini wote ni sawa atajua asubuhi, akiokota mzoga. Huyo huyo humwita jike "mama mbaya" eti hakai na watoto wake, kumbe ndivyo majike wote wanavyonyonyesha. Na akimlaza sungura chali akaona ametulia tuli, hufurahi kwamba amestarehe, wakati mnyama ameganda kwa hofu.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na bei. Mwulize muuzaji: katika hawa, nani hukimbilia majani kwanza, na nani husubiri wenzake waondoke? Akikujibu kwamba wote ni wale wale, funga pochi yako uende kwa jirani yake.