WAKILI AKIFUNGWA MDOMO, WEWE UTATETEWA NA NANI?

Vijana wa kijiweni, wekeni vikombe chini kidogo. Najua mnavyosema: wakili anayemtetea kigogo wa kesi ya mabilioni naye ni mla. Hapo ndipo watawala wanapotupiga changa la macho!

James Rugemalira wa sakata la IPTL alipandishwa kizimbani Kisutu Juni 2017. Ndani ya mashtaka, utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Mawakili wakasimama, wakakaa. Upelelezi eti haujakamilika. Septemba 2021 DPP akaifuta kesi. Miaka minne rumande! Kama aliiba, mbona hakuhukumiwa? Kama hakuiba, mbona alisota?

Msiseme shauri yake. Kufuli lile lile la vigogo likamfunga Tito Magoti, kijana mwanasheria wa haki za binadamu, Desemba 2019. Alitoka Januari 2021, baada ya makubaliano na DPP na amri ya kulipa zaidi ya shilingi milioni 17. Nani asiyekubali chochote akishasota mwaka mzima?

Sasa tazameni wakili anayethubutu kupaza sauti. Fatma Karume, aliyepata kuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, alikuwa akiendesha kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu. Septemba 2019 Mahakama Kuu ikamsimamisha uwakili Tanzania Bara. Mwanasheria Mkuu akamshtaki kwenye Kamati ya Mawakili, na Septemba 2020 Kamati ikamfuta kabisa. Na Kamati hiyo ni ya nani? Kisheria ina jaji, wakili mmoja, na kiti cha Mwanasheria Mkuu au mtu wake! Mlalamikaji ana kiti kwenye meza ya hukumu. Kesi ya kuku kuamuliwa na kicheche! Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo, lakini mkate wa mtu ulishakatwa.

Hatusemi mawakili ni malaika. Anayekula fedha ya mteja afutwe leo. Ila serikali itoke kwenye Kamati, na dhamana iamuliwe na hakimu, siyo na jina la shtaka.

Siku ukibambikiwa kesi, utamtafuta wakili jasiri. Wakishawamaliza wote, utamwona nani? Amkeni!