Rangi Isitangulie Mlango

Juzi barazani mzee mmoja alisema kuwa bodi ya gari ni kanzu tu, mwenye gari ni injini. Wenzangu wakamwitikia kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwani neno hilo hilo nililisema mwaka jana, likamtia hasara mpwa wangu.

Mpwa wangu huyo yuko Uingereza, na kwa miaka sita amekuwa akijiundia gari bandani kwake. Msomaji usistaajabu, huko ni ada ya zamani. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa gari dogo liitwalo Seven, likauzwa vipande vipande, kwa sababu vipande havikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Sharti likawa muuzaji asitoe maelezo ya kuliunda. Basi yasimuliwa kuwa kampuni ikatoa maelezo ya kulifumua, mnunuzi ayafuate kutoka mwisho kuja mwanzo! Kodi hiyo iliondolewa 1973, na mwaka huo huo Lotus ikawaachia Caterham gari lile, lakini watu hawakuacha kujiundia.

Bodi ya mpwa wangu ni ya faibaglasi. Binti yake alikuwa karibu kuolewa, naye akataka bibi harusi apandishwe gari hilo. Akaniuliza, "Mjomba, nifanyeje, siku zimebaki chache?" Nikamwambia apake rangi kwanza, yaliyobaki ni kukaza nati. Akanitii, na heshima yake ikamponza.

Kwani kipande cha faibaglasi hakitoki katika kalibu kikiwa tayari. Kina nta iliyopakwa ili kisigande. Isipooshwa kabla ya msasa, msasa huisukuma ndani, na rangi ikija hutoboka vishimo vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Tena kipande chaweza kupinda na kusinyaa. Ndiyo maana mlango hutundikwa kwanza, bila ya rangi, ukatiwa washa kwenye bawaba mpaka ulingane na ubavu. Madigadi yakaufuata mlango, na boneti ikayafuata madigadi. Tundu hutobolewa pana kuliko bolti, na washa iwe pana pia, kwa maana ukikaza kwa hasira faibaglasi hupasuka mithili ya nyota.

Mpwa wangu alipaka kijani kikang'aa kama kioo. Alipotundika mlango, ukagota kwenye nguzo. Akaupiga tupa, na kazi ya wiki tatu ikaenda na vumbi.

Sisi twausifu mwanya wa meno. Mwanya wa gari nao ni uzuri, lakini kwa sharti uwe sawa juu hadi chini. Ukianza milimita tatu ukaishia saba, hata mtoto atauona. Na mwenye kuupima aiachie rangi nafasi yake, kwani nayo ina unene.

Wala puti nyingi si dawa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari lililong'ara hapa mjini. Masika moja tu, puti ikaumuka na kutu ikachungulia. Fundi mwema hupuliza ukungu wa rangi nyeusi juu ya praima, akapitisha msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu. Palipobaki peusi ndipo palipobonyea. Mkono mtupu hudanganya, ubao haudanganyi.

Na wasemao kuwa haya ni urembo tu, wajue kuwa tangu 2009 gari la kujiundia huko Uingereza hupitia ukaguzi uitwao IVA. Kingo za nje zinazoweza kumgusa mtu hukaguliwa zisiwe kali, na mviringo wake usipungue milimita 2.5. Mpita njia akigongwa, hiyo kanzu ndiyo itakayomkata au kumsitiri.

Binti aliolewa, alhamdulillahi, akapanda gari la kukodi. Mpwa wangu ameanza upya. Majuzi alinipigia simu: mlango wa kushoto sasa wafungwa kwa kidole kimoja, wa kulia bado. Akaniuliza kama arudie kijani au apake buluu. Sikumjibu. Nilimwuliza habari za mlango wa kulia.