Majirani Waliosingiziwa

KAULI YA JUMA
Na Salim Abeid Mwinyimkuu

Mtu anapouawa usiku katika mtaa ambao watu wake huombana chumvi na makaa, na kuitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, jambo la mwanzo linalopotea, kabla hata maiti haijaoshwa, ni ile amani ya kumtazama jirani bila kumdhania. Na kwa kuwa moyo wa binadamu haustahimili kukaa na fadhaa isiyo na mwenyewe, haupiti mchana mmoja ila watu wamekwisha kumtafuta wa kumtwisha: mgeni aliyepanga chumba cha uani, kijana asiye na kazi, mlinzi aliyesinzia, au, pale hao wote wanapokosekana, mtaa mzima kwa jumla yake, kwamba ulisikia na usitoke.

Tuhuma hii ya mwisho ndiyo ninayotaka kuizungumza juma hili, kwani ndiyo nyepesi kuliko zote kuitamka na nzito kuliko zote kuibeba, na kipo kisa kimoja cha mbali, kinachojulikana dunia nzima, ambacho aghalabu husimuliwa kinyume cha kilivyokuwa.

Kitongoji cha Kew Gardens, upande wa Queens katika mji wa New York, kilikuwa mahali pa watu wa hali ya wastani, wenye staha zao, baadhi yao Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Hitler. Na katika Mtaa wa Austin, jirani na stesheni ya gari moshi, palikuwa na jengo la ghorofa mbili, maduka chini na makazi juu, ambalo milango ya makazi yake ilikuwa nyuma. Humo alikaa Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28, msimamizi wa baa, ambaye usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 13 Machi 1964, alirejea kutoka kazini yapata saa tisa na robo, akaegesha gari lake kwenye uwanja wa stesheni, na kabla hajaufikia mlango akavamiwa na Winston Moseley, mtu asiyemjua wala asiye na ugomvi naye, akachomwa kisu mgongoni. Alipiga ukelele. Mwanamume mmoja akafungua dirisha la juu akamkemea yule dhalimu amwache, naye akatoroka. Na Kitty, hali amejeruhiwa, akajikokota kuzunguka jengo mpaka nyuma, akaanguka katika kijiukumbi cha chini ya ngazi, mahali ambapo wale waliokuwa madirishani upande wa barabarani wasingeweza kumwona kwa hali yoyote. Baada ya dakika kumi hivi Moseley alirudi, akamsaka mpaka akampata, akautimiza ukatili wake.

Kesho yake gazeti la The New York Times liliandika habari fupi tu, kama yaandikwavyo mauaji mengine ya mji mkubwa. Lakini siku chache baadaye mhariri wa habari za mji, A. M. Rosenthal, alipokuwa akila chakula cha mchana na mkuu wa polisi, Michael Murphy, aliambiwa kwamba kifo kile kilikuwa na mashahidi 38. Na tarehe 27 Machi gazeti likatangaza katika ukurasa wa mbele, kichwa cha habari kikisema 37 na maelezo yakisema 38, ya kuwa kwa zaidi ya nusu saa raia hao wema walimtazama muuaji akimwinda mwanamke na kumchoma mara tatu kwa vituo, na asitokee hata mmoja aliyewapigia simu polisi wakati yakitendeka. Habari ile ilienea mno. Rosenthal aliifanya kitabu mwaka ule ule. Wahubiri wakaitolea mawaidha. Mwaka 1968 wataalamu John Darley na Bibb Latané walichapisha majaribio yao mashuhuri kuonyesha kwamba kadiri mashahidi wanavyozidi kuwa wengi ndivyo kila mmoja anavyosita kutoa msaada. Na tangu hapo kisa kikaingia katika vitabu vya saikolojia, vikiwemo vinavyosomwa katika vyuo vikuu vyetu, kama hoja ya kwamba mwanadamu wa mjini hana jirani.

Nimesema kilisimuliwa kinyume, na si mimi niliyeligundua hilo. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Uingereza walichapisha katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani uchunguzi wao, kwamba hakuna ushahidi wa watu 38 waliokaa kutazama. Na mwaka 2016, Moseley alipofia gerezani, gazeti lile lile likakiri kwamba habari yake ya 1964 ilikuwa na kasoro, na kwamba ilitia chumvi idadi ya mashahidi na yale waliyoyaona. Mashambulizi yalikuwa mawili, wala hayakuwa matatu, na lile la pili, lililoua, lilitendeka ndani, pasipoonekana. Walio wengi walisikia tu, katika usiku wa baridi, madirisha yamefungwa, sauti moja iliyowazindua usingizini na kisha kimya. Baadhi walidhani ni ugomvi wa walevi au wa wapenzi. Na haikuwako wakati ule nambari moja ya dharura ya kuwaita polisi, kwani nambari 911 ilianza kutumika New York mwaka 1968. Wako pia walioshuhudia baadaye kwamba simu ilipigwa baada ya shambulio la kwanza, ila haikuandikwa popote.

Wawili siwatetei, wala hakuna insafu itakayowatetea. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa jengo la ng'ambo ya barabara, ambaye aliliona shambulio la kwanza kwa macho yake, akaenda kulala. Wa pili alikaa juu ya ngazi ile ile aliyoangukia Kitty. Alifungua mlango, akaona, akaufunga, na badala ya kuwaita polisi akampigia rafiki yake kumtaka shauri, rafiki akamwambia asijitie. Hawa wanastahili lawama yote waliyoipata. Lakini kutoka wawili hadi 38 pana masafa marefu, na katika masafa hayo wamo wazee, wajane na watoto waliokuwa usingizini, ambao kwa miaka hamsini walitajwa kama washirika wa mauti.

Na yupo wa tatu, ambaye simulizi ile haikumpa nafasi. Mama mmoja kijana, mfupi wa kimo, jirani wa mlango wa pili na rafiki wa Kitty, alipoarifiwa kwa simu kwamba kuna jambo limetokea chini, aliteremka mbio usiku ule ule, bila kujua kama muuaji ameondoka au bado yumo gizani, akausukuma mlango uliozuiwa na mwili, akaingia katika kile kijiukumbi kilichojaa damu, akampakata mwenziwe na kumnong'oneza kwamba msaada uko njiani, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kitty alifariki njiani kupelekwa hospitali. Sijui ujirani gani mkubwa zaidi ya huo, na ulikuwa katika jengo lile lile lililoambiwa halina utu!

Na hata kukamatwa kwa Moseley kulitokana na majirani. Siku sita baada ya mauaji aliingia katika nyumba ya watu, huko huko Queens, akawa anatoa televisheni mchana kweupe. Jirani mmoja akamwuliza anafanya nini, naye akajibu kwamba anawasaidia wenye nyumba kuhama. Jibu halikumtua yule jirani. Alimpigia simu jirani mwingine kuuliza kama kweli jamaa wale wanahama, akaambiwa hawahami kamwe, na wakati mmoja akiwaita polisi mwingine alilifungua gari la mwizi na kuling'oa kifaa ili lisiwake. Alipohojiwa kituoni, Moseley alikiri mauaji ya Kew Gardens. Basi mji ulioambiwa kwamba watu wake hawajaliani ulimpata muuaji wake kwa sababu mtu alijua nani anahama na nani hahami.

Mwenye kusoma haya huku kwetu huenda akajipongeza kwamba yowe la pwani na la bara halikosi wa kuliitikia, na ni kweli. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini walimtoza faini asiyetoka. Lakini watu mia wakitoka bila kujua wanalolitokea, mambo huwa ya kutisha vile vile. Ukelele wa mwizi katika miji yetu umewapeleka watu kaburini kabla ya kuulizwa jina, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam kimekuwa kikiyataja mauaji hayo katika taarifa zake mwaka baada ya mwaka. Kadhalika ajuza wa Shinyanga na Mwanza, waliouawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, waliuawa na fadhaa ile ile: mtoto amekufa, hakuna aliyejua sababu, na palihitajika mtu wa kutwishwa. Gazeti la New York halikumwua mtu, nami siyafananishi makosa haya kwa ukubwa wake. Nasema tu kwamba asili yake ni moja, yaani haraka ya kuhukumu pale ambapo hatujauliza.

Kitty alikuwa na ndugu mdogo, aliyekuwa na miaka 16 dada yake alipouawa. Akikua na hadithi ya wale 38 kifuani, aliapa kutokuwa mtu wa kutazama tu, akajiandikisha katika jeshi la wanamaji, akapelekwa Vietnam, akarudi amekatwa miguu yote miwili. Katika utu uzima wake ndipo alipoanza kuwatafuta mashahidi mmoja mmoja, kazi iliyozaa filamu ya mwaka 2015 iitwayo The Witness, na ndipo alipokutana na yule mama wa mlango wa pili, sasa ajuza, akasikia kutoka kinywani mwake kwamba dada yake hakuwa peke yake. Familia haikuwa imelijua hilo kwa miaka yote. Wala yule mama hakuwa amelificha: alitoa ushahidi wake, na kwa kauli yake mwenyewe aliwahi kuzungumza na mwandishi wa gazeti moja siku zile, na habari ilipotoka ikasema kwamba yeye hakutaka kujiingiza.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa kalamu kuliko mtu mwingine yeyote. Juma lijalo, au mwezi ujao, tutapelekwa tena katika mtaa ulioamkia damu, na mhariri atataka habari kabla ya magharibi, na mtu mkubwa fulani atakuwa na idadi tayari mdomoni. Na tumwulize ameipata wapi. Kisha tukabishe hodi kwa mwenye mlango wa pili, tumwache aseme mpaka amalize, na tuyaandike aliyoyasema.