Sauti Itangulie, Mafaili Yangoje

Mikutano kwa njia ya video imewapunguzia watumishi wa Kigoma safari ndefu za kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Aidha, kanuni zilizotolewa mwaka 2021 zimeziwezesha mahakama zetu kusikiliza mashauri washiriki wakiwa mbali. Lakini shahidi akisema "sikumwona", na silabi ya kwanza ikapotea njiani, hakimu ataandika nini?

Kilio cha maofisini ni kimoja: mtandao ni mdogo, tuongezewe. Kilio hicho mara nyingine ni cha haki. Hata hivyo, mara nyingi linalokosekana ni utaratibu. Sauti ya mkutano, filamu inayopakuliwa na mtu chumba cha pili, na nakala za mafaili ya ofisi nzima hupita katika njia moja, na zote hupangwa foleni moja.

Wavuvi wa Kibirizi hawafanyi hivyo. Dagaa waliokaushwa wanaweza kungoja gari la kesho. Migebuka wabichi hawangoji. Sauti ni samaki mbichi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Faili likichelewa nusu dakika hufika vile vile; sauti ikichelewa nusu sekunde, wazungumzaji huanza kukatizana.

Dawa ipo. Ruta nyingi za maofisini zinaweza kuitambua sauti, kuitia alama na kuitanguliza. Picha ifuate, kisha mafaili. Sauti yenyewe haili njia kubwa: simu moja ya kawaida hutumia takriban kilobiti 64 kwa sekunde.

Yapo masharti. Kwanza, kipaumbele kiwe na mpaka, kwani kila kitu kikitangulizwa, hakuna kilichotangulia. Pili, kifuate kazi, si cheo: filamu ya mkuu wa idara ni filamu tu. Tatu, alama iliyowekwa Ujiji haina nguvu nje ya lango la ofisi ila kwa makubaliano na kampuni inayotoa huduma. Basi iandikwe katika mkataba.

Utaratibu huu hauongezi upana wa njia, wala hauponyi waya uliokatika. Lakini kabla ya kutia saini ya kununua njia kubwa zaidi kwa fedha za umma, kila mkuu wa ofisi, shule na chuo amwulize fundi wake swali moja: sauti yetu imewekwa foleni gani?