Si “Siri”, Ni “Kiri”

Mwandishi wa makala moja kuhusu michezo ya kuigiza wahusika anadai kwamba jina la mahali pa kubuni halina matamshi sahihi, hivyo kila mchezaji alitamke apendavyo. Hoja hiyo huenda ikafaa kwa ramani aliyoichora mtu jana usiku. Kwa Middle-earth, ulimwengu wa riwaya za Tolkien, haisimami hata kidogo.

Mwaka 1955, mwishoni mwa juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings, Tolkien alichapisha kiambatisho chenye kanuni za matamshi. C husomwa k daima: Cirith Ungol huanza kwa “kiri”, si “siri”. Dh ya Caradhras ni ile ile ya dhahabu, na th ya Minas Tirith ni ya thelathini. Sisi wasemaji wa Kiswahili, wenye sauti hizo tayari, hatuna kisingizio. Mkazo ndio unaotuponza. Tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi Osgiliath tunaikazia “li”, ilhali silabi hiyo ni fupi na mkazo hurudi nyuma hadi “gi”.

Mchezaji akikosea, mchezo uendelee. Nani amkatize mtu katikati ya vita? Lakini msimulizi anayewaongoza wenzake katika nchi hiyo kila wiki, na kitabu anacho, asituuzie uvivu wake kwa jina la uhuru wa kubuni.