TUSIWACHEKE WANUNUZI WETU

Ndugu Wanaushirika,

Juzi wafugaji watatu walifika ghalani kununua mahindi. Karani akawacheka Kiswahili chao mbele za watu. Wakafunga hela zao, wakaenda kwa mlanguzi. Magunia sita yamebaki, na hela ya dawa ya pamba bado haijatimia!

Tukumbuke reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia. Wachina, Watanzania na Wazambia walikuwa kazi moja, wakalimani wachache. Mchina alishika chombo mwenyewe akaonyesha, na kijana akafuatisha. Reli ikafika.

Mimi nimejua kusoma ukubwani, kwenye kisomo. Mwalimu angenicheka siku ile ya kwanza nisingerudi, haki ya Mungu.

Sasa basi, karani aende bomani kwao na mjumbe mmoja wa kamati, akaombe radhi. Awaamkie wazee kwanza, aulize habari za ng'ombe, bei baadaye. Wakija tena, mizani waisome wenyewe. Gulio ni Jumamosi, aende kabla.

Katibu